Risasi iliyojazwa kwenye baridi isipimwe mara ya kwanza mbele ya mbogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo lililonikaa moyoni kwa miaka mingi, na naona wakati wake ndio huu, kwa kuwa msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai na wageni wa kwanza huwa wamekwisha kufunga masanduku yao. Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliandika hapa kwamba mwindaji anayejaza risasi zake mwenyewe ana heri kuliko anayenunua za kiwandani, kwa sababu anaweza kuongeza baruti mpaka ganda lifikie ukomo wake, na kwamba mbele ya tembo au mbogo nguvu haijawahi kuzidi. Nusu ya kwanza ya maneno yake sina ugomvi nayo. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nilikuwa askari wanyamapori kusini mwa nchi yetu. Baada ya kustaafu nilifanya kazi ya kutunza silaha katika kambi za uwindaji ndani ya Pori la Akiba la Selous: kusafisha bunduki za wageni jioni, kuhesabu risasi asubuhi, na kusimama kando ya mgeni siku ya kwanza anapopiga shabaha ya karatasi kabla ya kuingia porini. Nimeokota maganda mengi yakiwa bado ya moto, nikayageuza mkononi nikiyatazama kitako, na ninayoyaeleza hapa nimeyasoma kwenye maganda hayo kabla sijayasoma mahali pengine.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka kwenda kwa mnyama. Ganda halifi kwa kupigwa mara moja. Mjaza risasi hulirudisha umbo lake kwa mashine ya mkono, akang'oa fataki iliyokwisha na kutia mpya, akapima baruti kwa mizani ndogo inayotofautisha hata sehemu ya kumi ya greni, na greni moja ni kama miligramu 65 tu, kisha akabana kichwa kipya mdomoni mwa ganda. Ni kazi ya uvumilivu na ya heshima. Tena ndiyo iliyoziokoa bunduki nyingi kubwa za zamani, kwa maana kampuni ya Kynoch ya Uingereza, iliyokuwa ikizilisha bunduki hizo dunia nzima, ilipoacha kutengeneza risasi za namna hiyo kufikia mwaka 1970, wenye bunduki za .470, .450 na .416 Rigby, majina yanayotokana na upana wa mtutu kwa sehemu za inchi, walibaki na vyuma vizuri visivyo na chakula. Mpaka viwanda viliporudi kwenye biashara hiyo miaka ya 1980 na 1990, waliojaza kwa mkono ndio waliozifanya bunduki hizo ziendelee kulia. Kwa hiyo mtu asidhani nawadharau.

Nilichokiona ni hiki. Mwaka sitautaja, wala kampuni, wala mgeni. Alikuja muungwana mmoja kutoka nchi ya theluji, na bunduki ya komeo, hii ambayo wengi tunaiita ya bolti, ya kaliba ya .416 Remington, na risasi alizojaza mwenyewe, nadhifu kuliko nyingi za dukani. Asubuhi ya kwanza, jua likiwa halijapanda, alipiga tatu kwenye karatasi na tundu zote tatu zikafunikwa na sarafu moja. Nilipookota maganda niliona fataki zimelala bapa zikajaza kishimo chote, na kwenye kitako cha ganda moja kulikuwa na alama inayong'aa, kana kwamba shaba ilisukumwa ikaingia katika tundu la chuma. Nilisema kwamba hizo ni dalili za baruti kuzidi. Nikajibiwa kwamba mgeni anajua kazi yake, na mimi kwa kweli nilikuwa mtunza bunduki tu.

Siku ya nne, mwezi Oktoba, saa nane mchana, akampiga mbogo dume begani. Risasi zilikuwa zimeshinda asubuhi nzima juu ya dashibodi ya gari, kisha zikavaliwa mkandani juani. Baada ya mlio huo mmoja komeo halikufunguka. Mgeni alilipiga kwa kiganja mpaka kikachubuka na mbogo akawa amekwisha kugeuka. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, alimwangusha katika hatua kama kumi, lakini mbogo alikwisha kumpitia mwenzangu mfuata nyayo, ambaye alikuwa mbele kwa sababu kazi yake ni kuwa mbele. Nyonga ilivunjika. Yu hai, anatembea kwa mkongojo, na tangu siku hiyo hakurudi porini. Jioni nililifungua komeo lile kwa nyundo ya mti. Fataki ilidondoka yenyewe chini, na kishimo chake kilikuwa kimepanuka kiasi kwamba fataki mpya isingeshika. Mgeni alikaa karibu na moto akalia, akasema risasi zile alizijaribu nyumbani kwao mwezi Januari, na kule hazikumsumbua hata kidogo.

Naamini kabisa kwamba hazikumsumbua, na hapo ndipo penye somo lote. Moto wa jikoni ukiufunika unazimika, bali moto wa baruti ukiufungia unazidi, kwa sababu baruti hubeba oksijeni yake ndani na haingoji hewa. Kadiri shinikizo, au kanieneo kama walimu wa fizikia wanavyosema, linavyopanda ndani ya chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ndivyo baruti inavyoungua kwa kasi zaidi, na kadiri inavyoungua kwa kasi ndivyo shinikizo linavyozidi kupanda, mpaka kichwa cha risasi kitakaposogea mtutuni na kuacha nafasi nyuma yake. Yote hayo huanza na kuisha katika muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Basi jambo lolote linaloiharakisha baruti mwanzoni, hata kidogo, hulipwa kwa riba kubwa mwishoni, na joto ni mojawapo ya mambo hayo. Baruti iliyokuwa na nyuzi 45 kabla ya kupigwa huwaka haraka kuliko ile ile iliyokuwa na nyuzi 5 chini ya sifuri. Kwa baruti nyingi za zamani kila nyuzi moja ya Selsiasi huongeza kasi ya kichwa kwa zaidi ya nusu mita kwa sekunde, na shinikizo hupanda kwa uwiano mkubwa kuliko kasi. Kutoka Januari ya kwao hadi Oktoba ya kwetu kuna nyuzi 40 au 50 za tofauti, na hapo bado hujaihesabu dashibodi, ambayo gari likifungwa juani hupita nyuzi 60 bila shida.

Mtu akiwa ameacha nafasi ya kutosha chini ya ukomo, ongezeko hilo litamezwa na nafasi hiyo. Akiwa amejaza mpaka ukingoni kwa sababu mbele ya mbogo nguvu haijawahi kuzidi, hakuna cha kulimeza.

Waliotengeneza bunduki za kwanza za kazi hii za baruti isiyo na moshi mwingi walilijua jambo hili vizuri, maana baruti yao ilikuwa kodaiti. Kodaiti iliandikishwa Uingereza mwaka 1889 na Frederick Abel na James Dewar. Ilikuwa nyuzi nyuzi kama tambi, na katika mchanganyiko wake wa kwanza nitrogliserini ilikuwa asilimia 58, pamba iliyotiwa asidi asilimia 37 na mafuta ya vaselini asilimia 5. Ilikuwa na nguvu, lakini ilikula mitutu na ilibadilika tabia sana kwenye joto. Risasi iliyofanya kazi vizuri Uskoti ilikwama kwenye chemba India na Sudani. Jibu lao likawa kulifanya ganda kuwa kubwa ili shinikizo libaki dogo. Risasi ya .450 Nitro Express ya John Rigby, mtengeneza bunduki wa London, ya mwaka 1898, na ya .470 ya mwaka 1907 iliyokuja baada ya serikali ya Uingereza kuzuia kaliba ya .450 katika India na Sudani, zote zina maganda marefu kama kidole cha mtu mzima, na nafasi tele ndani. Risasi ya .470 hurusha kichwa cha gramu 32 kwa futi 2,150 kwa sekunde, yaani mita 655, ikiwa na shinikizo la juu la baa 2,400 kwa kipimo cha sasa cha Ulaya. Hizo ni karibu pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, mara elfu moja ya upepo tunaojaza kwenye tairi la gari dogo. Linganisha na .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912, ambayo leo inaruhusiwa kufika baa 4,300. Hata hiyo ganda lake lilichongwa kuwa jembamba kuelekea mbele ili litoke chemba kwa urahisi kwenye nchi za joto.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ndugu wawili wa .416. Risasi ya .416 Rigby ilitoka mwaka 1911. Ganda lake linabeba zaidi ya mililita 8 za maji. Ile ya .416 Remington ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980, na ganda lake linabeba karibu mililita 7. Zote mbili leo hurusha kichwa cha greni 400, ambazo ni gramu 26, kwa futi 2,400 kwa sekunde, na mbogo akipigwa hawezi kujua ni ipi. Lakini ya kwanza hufanya kazi hiyo chini ya baa 3,250 na ya pili hupanda hadi baa 4,300 kufika pale pale, kwa sababu ya mililita moja na kidogo iliyopungua. Simaanishi kwamba ya pili ni mbaya. Ni bunduki nzuri, nyepesi, na ya bei nafuu, na risasi zake za kiwandani hupimwa kwa uangalifu. Ninachosema ni kwamba anayeijaza mwenyewe mpaka ukomo anasimama kwenye ukingo wa mtaro, wakati mwenzake wa Rigby yuko katikati ya barabara, na wote wawili watasukumwa na jua lile lile.

Hapa napenda nikae kidogo, kwa sababu ndipo wajaza risasi wengi niliozungumza nao wanapojidanganya, tena watu wenye akili. Husema: mimi naangalia dalili. Fataki ikiwa bado na mviringo wake, komeo likiinuka bila kulazimishwa, kitako cha ganda kikiwa hakina alama, basi shinikizo liko salama. Dalili hizo zina maana, nami mwenyewe nimekwisha kusema niliziona asubuhi ile. Lakini dalili hizo ni za shaba kulegea, na shaba ya kitako cha ganda haianzi kulegea mpaka shinikizo lipite pauni 60,000 na zaidi kwa inchi ya mraba. Kwa .375 au .416 Remington maana yake ni kwamba ukiiona dalili umekwisha kufika ukomo au umeupita. Kwa bunduki ya mitutu miwili ya .470, ambayo ukomo wake ni pauni 35,000, maana yake ni mbaya zaidi: unaweza kuuzidi ukomo wake kwa nusu nzima na ganda bado likatoka likiwa safi kama lililotoka dukani. Kinachoumia ni bawaba na kufuli ya bunduki yenyewe, na hizo hazisemi kitu mpaka siku zinapoachia. Anayesubiri fataki ya .470 ilale bapa ndipo apunguze baruti ni sawa na dereva anayesubiri moshi utoke kwenye injini ndipo aangalie maji.

Kuna mtego mwingine katika namba zenyewe. Waingereza wa zamani waliandika shinikizo kwa tani kwa inchi ya mraba, na bunduki nyingi za .470 zilihesabiwa tani 14. Mtu akizidisha kwa pauni 2,240 za tani ya Kiingereza anapata pauni 31,360, kisha akisoma kitabu cha sasa na kukuta karibu 35,000 anafikiri kwamba bunduki yake imeongezewa ruhusa. Haikuongezewa kitu. Zamani walipima kwa kipande cha shaba kilichopondwa nyuma ya ganda lililopakwa mafuta, na leo wanapima kwa kihisio cha umeme kilichowekwa ubavuni mwa chemba, na vipimo hivi viwili havitoi namba moja kwa risasi ile ile. Wamarekani nao walikuwa na kipimo chao cha shaba iliyopondwa, na namba zake hazibadilishwi kuwa pauni kwa hesabu yoyote ya kudumu. Nimewahi kumkuta mgeni akichanganya namba za vitabu viwili vya miaka tofauti kwenye karatasi moja, na alikuwa mhandisi.

Msomaji wa wiki mbili zilizopita aliisifu .458 Winchester Magnum, na mimi naiheshimu, maana nimeibeba. Lakini historia yake haimsaidii katika hoja yake. Ilitoka mwaka 1956, ganda lake likiwa fupi, milimita 63.5, ili liingie katika bunduki ya urefu wa kawaida, na iliahidi kufanya kazi ya .470. Nafasi ilikuwa ndogo kwa ahadi hiyo, kwa hiyo baruti ilibidi ishindiliwe. Baadhi ya risasi za miaka ile zilipokaa kwa muda mrefu baruti yake iliganda mabonge, ikaungua nusunusu, na kichwa kikatoka kwa kasi iliyo chini sana ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na mbogo Msumbiji mwaka 1959, hakujibu tatizo hilo kwa kushindilia zaidi. Mwaka 1971 alichukua ganda refu la .375, la milimita 72, akalifanyia kichwa cha .458, na risasi hiyo ndiyo yenye jina lake hadi leo. Alitafuta nafasi. Nadhani hilo ni jambo la kulitafakari kwa yeyote mwenye kijiko cha baruti mkononi na ganda ambalo limekwisha kujaa.

Wala tusidhani kwamba kupunguza tu ndiko usalama. Ganda kubwa la zamani likitiwa baruti kidogo ya kisasa, baruti hulala chini na kuacha uwazi juu yake, na mtutu ukielekezwa chini hukimbilia mbele, mbali na fataki. Risasi moja ikawaka mapema na nyingine ikachelewa, na shinikizo likacheza kwa namna isiyotabirika. Baruti inayoungua polepole sana ikiwa chache ndani ya ganda kubwa imewahi kupasua bunduki. Ndiyo sababu wajaza risasi za Nitro Express huweka kitu chepesi juu ya baruti kuishikilia ikae karibu na fataki. Wengine hutumia sponji, wengine hutumia sufi, hii hii ya mti wa msufi ambayo mama zetu walijazia mito. Nilipoiona mara ya kwanza ndani ya ganda la mgeni nilicheka kwa furaha, kwa kuwa sikutarajia kukutana na sufi ya Pwani ndani ya risasi ya Kiingereza. Lakini hata sufi hiyo ni sehemu ya hesabu. Ukiibadilisha, kiasi chake au aina yake, umeibadilisha risasi nzima na unapaswa kuanza upya kuijaribu kutoka chini.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi ziko baruti zisizojali joto. Ni kweli zipo. Kiwanda cha Mulwala huko Australia hutengeneza baruti zinazouzwa Marekani kwa jina la Hodgdon Extreme, ambazo ziliundwa makusudi zisiyumbishwe na joto na baridi, na mgeni akiniambia anatumia mojawapo ya hizo huwa napumua. Lakini kutoyumba sana si kutoyumba kabisa, na chemba nayo hupata joto, na ganda lililoachwa katika chemba ya moto huku watu wakinyatia kundi kwa nusu saa huiva polepole kama mkate kwenye tanuri. Baruti nzuri hupunguza tatizo. Haimpi mtu ruhusa ya kutolipima.

Tena kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalifahamu. Mgeni anayesafiri kwa ndege anaruhusiwa, kwa desturi ya mashirika ya ndege, risasi zisizozidi kilo 5, zilizokwisha kujazwa, na haruhusiwi kabisa kubeba baruti wala fataki peke yake. Maana yake ni kwamba uamuzi wake wote ameufanya nyumbani kwake, mezani, labda usiku wa baridi, na akifika Selous akagundua kwamba risasi zimezidi hana mizani, hana mashine, hana baruti ya kupunguza wala kuongeza. Akigundua siku ya kwanza, mwindaji bingwa anaweza kumwazima bunduki ya kambi na safari ikaendelea vizuri. Akigundua siku ya nne mbele ya mbogo, mwenye kulipa huenda asiwe yeye.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo kwa kampuni za uwindaji, na kwa mamlaka inayosimamia wanyamapori kama itaona yanafaa kuandikwa katika masharti. Zoezi la kupiga shabaha lisifanywe alfajiri peke yake. Lifanywe tena saa nane mchana siku ile ile ya kwanza, kwa risasi zilizokaa mkandani juani muda ule ule zitakaokaa porini, na komeo lifunguliwe na mtu wa kambi, si mgeni, kwa vidole viwili tu. Likigoma hata kidogo, risasi hizo zote zifungiwe sandukuni mpaka siku ya kuondoka. Kambi yenye uwezo inunue mashine ya kupimia kasi, kwa sababu kichwa kinachotoka mchana kwa futi 80 zaidi ya asubuhi kimekwisha kusema kila kitu kabla fataki haijasema. Barua inayotumwa kwa mgeni kabla ya safari, ile inayomweleza kuhusu chanjo na nguo za rangi ya udongo, iongezewe mistari michache inayomtaka ajaribu risasi zake zikiwa na joto la nyuzi 40 au zaidi kabla ya kupanda ndege, au aje na za kiwandani. Na wafuata nyayo na watunza bunduki wafundishwe kusoma ganda, kisha wakisema wasikilizwe, maana ndio watakaokuwa mbele.

Kuhusu kwamba nguvu haijawahi kuzidi, nitataja jambo moja tu. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja kule Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua zaidi ya tembo 1,000, na wengi wao kwa risasi ya milimita 7 ambayo leo sheria za nchi nyingi zisingemruhusu kumwelekezea hata mbogo. Sishauri mtu amfuate. Masharti ya .375 kwenda juu yana sababu nzuri, na mimi nimewaona waliojeruhiwa kwa sababu ya bunduki ndogo. Lakini tembo wake walianguka kwa sababu risasi ilifika mahali pake, na bunduki ilifunguka tayari kwa ya pili, kila mara.

Kijana wa mwenzangu yule mwenye mkongojo ameajiriwa mwaka huu kufuata nyayo katika kitalu kimoja cha kusini, kazi ya baba yake, na ataanza mwezi Julai. Nimemwonyesha maganda mawili niliyoyahifadhi, moja la asubuhi na moja la saa nane mchana siku ile, nikamwambia apitishe ukucha kwenye kitako cha kila moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Askari wanyamapori mstaafu,
Morogoro